Daraja la Mlangoni

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, mzee Ludovick alikuwa ametumwa chumvi.

Safari yenyewe haikuwa safari. Kutoka nyumbani kwake mtaa wa Kikuyu hadi dukani kwa Mwanasha ni hatua mia na kidogo. Jua lilikuwa linazama jekundu nyuma ya vilima, na upepo wa Oktoba ulikokota vumbi na mifuko mitupu barabarani. Mvua ya mwisho ilikuwa imenyesha Aprili. Mbwa walilala ndani ya mitaro, maana mitaro ilikuwa mikavu kama sakafu.

"Shikamoo, babu," alisema Mwanasha. "Reli imefika wapi?"

"Marahaba. Leo nimemaliza daraja."

"Haya, nikatie tiketi ya Tabora. Daraja la kwanza, nikae dirishani."

"Utakaa wapi na mwili huo? Behewa langu lina upana wa kiberiti."

Mwanasha alicheka mpaka akashika kaunta. Alipomkabidhi chumvi, akakumbuka jambo. "Halafu una mgeni. Kapita sasa hivi, kauliza kwa Stesheni Masta. Nikamwonyesha. Babu, yule mtu kalowa chapachapa! Nikamuuliza kaogea wapi, maana huku bombani hata tone halijatoka tangu Jumatatu. Hakunijibu."

"Yukoje?"

"Mzee. Kashika taa ya chemli, na wala haijawashwa."

Ludovick alirudi taratibu. Tangu astaafu hakuna aliyemwita Stesheni Masta. Mtaani alikuwa babu, kanisani alikuwa mzee Ludovick, na kwa mkewe alikuwa Baba Anna.

Mtu alikuwa amesimama langoni, amempa mgongo. Koti la kazi, la zamani, limelemewa na maji. Suruali imeganda miguuni.

Ti... ti... ti...

Maji yalidondoka kwenye vumbi. Na harufu ikamfikia Ludovick kabla hajasema karibu. Harufu ya tope jipya, mizizi na kinyesi cha ng'ombe, ile harufu ya korongo siku maji yanaposhuka kutoka milimani.

"Stesheni Masta," yule mtu alinong'ona bila kugeuka. "Korongo limejaa. Usitoe njia."

Akaondoka kando ya ua wa michongoma, akapinda kona. Ludovick alipoifikia ile kona hakuona mtu. Aliona vumbi, na mwanzo wa giza. Pale langoni madoa ya maji yalikuwa bado yanakauka.

Sauti aliijua.

Ilikuwa sauti ya Meshack, mlinzi wa daraja. Na Meshack alikuwa amekufa miaka kumi na minane iliyopita.

*

Wakati huo Ludovick alikuwa stesheni masta wa Chibwelo, stesheni ndogo ya porini, yenye njia moja, tangi la maji na nyumba nne za wafanyakazi. Kilomita tatu mbele ya stesheni palikuwa na korongo. Miezi minane ya mwaka korongo lile ni mchanga mtupu, na wanawake huchimba visima ndani yake. Masika yakija, linaweza kujaa kwa nusu saa, hata kama Chibwelo kwenyewe jua linawaka, kwa sababu mvua imenyesha mbali.

Kwa hiyo palikuwa na sheria. Njia ni moja, na treni haiingii njiani bila tokeni, ile duara ya chuma ambayo stesheni masta humkabidhi dereva mkononi; huko ndiko kutoa njia. Na Chibwelo, msimu wa mvua, stesheni masta hatoi tokeni mpaka mlinzi wa daraja aje kwa miguu, asimame mbele yake, aseme kwa mdomo wake hali ya korongo. Simu ya reli hukatwa na radi. "Mguu haukatwi na radi," walikuwa wakisema.

Jioni moja ya Februari 2006 treni ya abiria ilisimama Chibwelo imechelewa kwa saa nne. Anna, binti pekee wa Ludovick na mkewe Restuta, alipanda hapo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa akienda kuripoti chuo cha uuguzi, na asiporipoti kesho yake nafasi ingepewa mwingine. Meshack alikuwa hajafika. Dereva alipiga honi. Abiria walizomea. Anna alitoa kichwa dirishani, nywele zimesukwa na shanga za njano.

"Baba, nitachelewa."

Ludovick alitazama njia. Hakuona taa. Mbingu ya Chibwelo ilikuwa safi.

Akatoa tokeni.

Treni ilitumbukia korongoni. Walikufa abiria kumi na tisa. Wanne hawakuonekana kamwe, mchanga uliwafunika. Anna alikuwa mmoja wa hao wanne. Na Meshack, aliyekuwa akikimbia kuja kutoa habari kando ya njia, maji yaliyovunja tuta yalimchukua pia.

Tume ilipokuja, ilimuuliza Ludovick swali moja. Je, mlinzi alifika?

"Alifika," alijibu. "Aliniambia daraja ni zima."

Maneno hayo aliyasema mara moja tu, lakini aliishi ndani yake miaka kumi na minane. Meshack aliandikwa kuwa ndiye aliyeua. Mjane wake alitolewa katika nyumba ya reli na vyungu vyake. Ludovick alihamishiwa mjini. Na Restuta, kila alipofika kwenye sala ya kuwasamehe waliotukosea, alinyamaza. Mumewe alijua ni jina gani linalomkwama kooni. Naye alinyamaza ubavuni pake.

*

Ile reli ndogo ilianza mwezi wa saba. Mpangaji wao, Geofrey, karani kijana, aliwaonyesha kwenye simu mzungu mmoja mkongwe aliyejenga reli juu ya meza. Kulikuwa na vilima, stesheni, hata ng'ombe wa ukubwa wa punje ya haragwe.

"Mzee mzima anachezea treni," Geofrey alicheka.

Ludovick hakucheka. Aliomba aonyeshwe tena.

Alipima chumba walichokiita cha Anna, ingawa hakuwahi kulala humo, kilichokuwa kitupu siku zote. Mita tatu kwa tatu na nusu. Nyuma ya kalenda ya kanisa akachora Chibwelo. Kwanza alichora mstari mnyoofu, kutoka stesheni hadi korongoni. Haukutosha. Kila mita ya kweli akiipa sentimita moja, zile kilomita tatu zilitaka ukumbi. Alifupisha, akapunguza, akafuta.

"Kwa nini isizunguke kutani?" aliuliza Restuta, aliyekuwa akichambua mchicha.

"Treni haizunguki, Mama Anna. Inatoka hapa, inafika kule. Inayozunguka haifiki."

"Lakini itarudi," alisema Restuta.

Ludovick alifuta mstari wake. Akachora duara.

Alijenga meza nyembamba ya mbao, kimo cha kiuno, ikifuata kuta zote. Tatizo likawa mlango. Meza ikipita pale, mtu ataingiaje? Akatengeneza kipande cha kuinua na kupachika, chenye bawaba pembeni, na kipande hicho akakifanya kuwa daraja la korongo. Likiinuliwa unaingia chumbani. Likilazwa treni inapita, na aliye ndani yuko ndani. Stesheni aliiweka nje kidogo ya mlango, kwenye rafu ya varandani, ili asimame pale na kuendesha, kama alivyosimama Chibwelo. Treni ingetoka stesheni, ingepita ukutani kwa tundu alilotoboa, ingezunguka kuta tatu, ingefika darajani mwisho wa yote, kisha ingerudi kwake.

Reli zilikuwa spoku za baiskeli. Mataruma ya kulazia reli yalikuwa vijiti vya mishikaki, alivikata kimoja kimoja na kuvipaka oili chafu. Mota aliitoa kwenye redio ya kaseti. Mabehewa aliyakunja kwa mabati ya makopo ya mafuta ya kula. Vilima vilikuwa magazeti na uji wa ngano, miiba ikawa miti. Alikuwa mtu wa kipimo. Nguzo ya simu ikipotoka alilala kifudifudi, akafumba jicho moja, akainyoosha.

Ndiyo maana hakutaka mchanga mwingine ila wa korongo lile. Alipanda basi hadi Chibwelo na magunia mawili. Wanawake walikuwa visimani ndani ya korongo. Mmoja, amefunga kaniki, alimtazama akijaza, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Mbukwa, baba. Unajenga?"

"Najenga."

"Sisi mchanga wa hapa hatujengei."

Ludovick alidhani anasema habari ya magadi, yale yanayokula kuta. Alikuwa amehamishwa wiki ile ile ya msiba. Hakuwahi kujua kwamba watu wa Chibwelo, kwa kuwa wanne hawakupatikana, walikubaliana korongo zima ni kaburi, na mchanga wake haupandi kwenye nyumba ya mtu. Alifunga magunia. Aliwaaga vizuri.

Restuta aliuchekecha kwa chekecheo la unga. Kisha akachukua udongo wa kichuguu akafinyanga abiria. Hakuambiwa idadi. Alifinyanga kumi na tisa, akawapaka rangi, na kila mmoja akamwombea Salamu Maria moja. Mmoja alimpa gauni la bluu na kumketisha dirishani. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Ludovick alimsikia mkewe akiimba jikoni. Alisimama varandani na mkasi mkononi, machozi yakimtoka, akimshukuru Mungu.

Hiyo ndiyo reli iliyokamilika siku ya Alhamisi.

*

Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika chache jioni, Ludovick alikuwa kwenye stesheni yake ya varandani akikaza waya. Daraja lilikuwa limelazwa. Restuta alikuwa jikoni. Chumbani hamkuwa na mtu.

Kra... kra... kra...

Alidhani ni mjusi. Aliinamisha kichwa juu ya daraja akasikiliza. Ilikuwa sauti ndogo mno, kama mchwa akitembea juu ya karatasi. Lakini ilikuwa na mwendo. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto. Ilianzia darajani, ikapita ukuta wa kwanza. Wa pili. Ilikuwa ikipumzika kidogo, halafu inaharakisha.

Kra, kra, kra, kra...

Ukuta wa tatu. Ikapita kwenye tundu. Ikafika kwenye stesheni ya bati, chini ya pua yake.

Ikasimama.

Kwenye mchanga kando ya reli palikuwa na nyayo. Kila moja ilikuwa ndogo kama punje ya mchele. Zote zilikuwa na maji. Zilikuja, hazikurudi.

Na langoni mtu akabisha hodi.

Hakwenda kufungua. Sauti ilipita chini ya lango, ikapita uani, ikamfikia pale aliposimama kana kwamba imewekwa sikioni.

"Stesheni Masta. Korongo limejaa. Usitoe njia."

"Nani huyo?" Restuta aliuliza kutoka jikoni.

"Amekosea nyumba."

Jumamosi ikawa vilevile. Jumapili asubuhi Ludovick alikwenda kanisani mapema, akapanga foleni ya kitubio. Alikuwa ameyaandaa maneno. Padre, nilimsingizia maiti. Alipopiga magoti, alisema amekuwa na hasira za karibu na amekosa rozari mara mbili. Akapewa malipizi ya Baba Yetu tatu. Akazisali zote, na hata moja haikuvuka dari.

Jioni, hodi. Jumatatu, hodi. Kila siku ni saa kumi na mbili na dakika kumi, na maneno yale yale bila kuongezwa wala kupunguzwa. Ludovick alianza kuielewa ile ziara, na ndiyo maana aliiogopa zaidi. Meshack hakuja kulipiza. Alikuwa kazini. Alikuwa akifanya ile kazi ambayo maji hayakumwacha aimalize.

Aliondoa betri mbili za treni, akazifunga kwenye leso, akaziweka mfukoni. Treni haikuwahi kuzunguka hata mara moja. Restuta alipouliza, alisema mota inasumbua.

"Mota inasumbua, au wewe ndiye unayesumbua?" alimwuliza akitabasamu. "Baba Anna, umejenga miezi mitatu, sasa unaogopa kuendesha? Utakuwa kama yule aliyeshona suti ya harusi akasahau kuposa."

Jumanne, tarehe 22, alirudi kutoka kumsalimia mgonjwa mtaa wa Makole. Jua lilikuwa limekwisha kugusa vilima. Alipoingia varandani alikuta daraja limelazwa, na Restuta yuko ndani ya chumba, amepiga magoti, uso wake usawa na madirisha ya behewa.

"Mama Anna. Toka humo."

"Shhh." Aliinua kidole. "Anaongea."

Ludovick alisikiliza. Upepo kwenye bati. Redio ya jirani. Halafu, ndani ya kopo la mafuta lililokunjwa kuwa behewa, sauti nyembamba kama unyuzi.

*Baba... nitachelewa...*

Alishika fremu ya mlango.

"Umesikia?" Restuta alikuwa akilia na kucheka. "Siku nne namsikia. Nilidhani nimerukwa na akili. Nilipochekecha ule mchanga, Baba Anna, niliona ushanga. Wa njano. Nilimsuka mwenyewe usiku wa kuamkia safari, ningeusahau? Sikukwambia. Nimeuweka ndani ya udongo, kifuani pake." Akamwonyesha yule wa gauni la bluu. "Yuko njiani. Amekwama pale pale miaka yote. Hii reli yako inazunguka. Ikitoka inarudi hapa. Mpe njia mwanangu arudi."

"Tusubiri kidogo."

"Nini?"

Saa ya ukutani ilisema kumi na mbili na dakika tano.

"Dakika tano tu, Mama Anna. Tumsubiri mlinzi."

"Mlinzi gani?"

Ludovick alitazama lango.

"Ludovick. Mlinzi gani?" Hakuwa amemwita kwa jina tangu siku za uchumba. "Yule aliyekwambia daraja ni zima? Yule muuaji? Huyo ndiye nimsubiri?"

Hapo palikuwa na neno moja la kusema. *Hakufika.* Neno moja tu, na Restuta angetoka katika chumba kile. Labda angempiga. Labda angefunga nguo zake, angekwenda kwa ndugu zake, asingemtazama tena mpaka kaburini. Lakini angetoka. Ludovick alifungua mdomo. Alimwona mkewe akimtazama kwa macho ya mtu aliyemwamini miaka arobaini.

Dakika ya sita. Ya saba.

*Baba...*

"Mpe njia!" Restuta alilia. "Wewe ni baba wa namna gani?"

Kutoa njia kulikuwa rahisi kuliko kusema.

Alitoa leso mfukoni. Alipachika betri. Mikono yake ilifanya kazi bila yeye. Aligusisha waya.

Treni ilitoka.

Ilikwenda vizuri, Mungu amsamehe, na kwa nukta chache alifurahi. Ilipita tunduni. Ilipita ukuta wa kwanza chini ya vilima vya magazeti, mabehewa yakiyumba kidogo kwenye kona kama ya kweli. Restuta alizunguka nayo, bado yuko magotini, mikono imeinuliwa kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea.

"Njoo, mama. Njoo, Anna. Njoo."

Ukuta wa pili. Wa tatu.

Kra kra kra kra kra...

Nyayo. Safari hii zilikuwa zikikimbia. Zilitoka darajani zikielekea kulikotoka treni.

Ludovick alivuta waya. Waya ulitoka mkononi mwake, betri zikaanguka sakafuni zikabingirika.

Treni haikusimama.

Nyayo zilikutana nayo kwenye kona ya mwisho. Zikanyamaza.

Na harufu ikaja. Tope, mizizi, kinyesi cha ng'ombe. Halafu sauti, si ndogo tena, kutoka chini ya nyumba, chini ya mtaa, sauti kama magari mengi ya mizigo yanayoshuka mlima bila breki. Mchanga juu ya meza ulilowa wote kwa mara moja, ukawa mweusi. Treni ilipanda daraja pale mlangoni, kati ya Ludovick na mkewe.

Hodi.

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi.

"Stesheni Masta." Haikutoka langoni. Ilitoka nyuma ya shingo yake, na pumzi yake ilikuwa baridi. Kwa mara ya kwanza yale maneno yalibadilika.

"Mbona tena hukunisubiri?"

Taa ya chumbani ilizimika. Ludovick alisikia maji yakigonga kuta. Alisikia bati likijikunja. Alimsikia Restuta akiita, si kwa hofu, bali kwa furaha, kama mtu anayemwona anayemjua akishuka kwenye behewa.

"Anna!"

Halafu akasikia mdomo wa mkewe ukijaa maji.

Alilivamia daraja kwa mikono miwili. Daraja alilolijenga mwenyewe, la ubao wa kidole kimoja, ambalo hata mtoto angeweza kuliinua. Halikuinuka. Alipiga kelele. Geofrey alikuja mbio kutoka chumba cha nyuma, wakalivuta wote wawili, likang'oka na bawaba zake.

Geofrey aliwasha taa. Ikawaka.

Sakafu ilikuwa kavu. Mchanga mezani ulikuwa mkavu, mweupe, umetulia. Treni ilikuwa imelala chini. Restuta alikuwa amelala kifudifudi katikati ya chumba, nguo kavu, mikono imekumbatia hewa.

*

Hospitalini daktari alimwita Ludovick pembeni. Alikuwa dada wa makamo, mpole.

"Baba, mama mmemtoa wapi? Bwawani Mtera?"

"Nyumbani. Kikuyu."

"Hakuwa bwawani? Wala kwenye tangi?"

"Alikuwa chumbani."

Daktari alitazama karatasi zake muda mrefu. "Mapafu yamejaa maji ya tope," alisema taratibu. "Na mchanga." Ludovick hakumwuliza alichoandika.

Mtaani hawakuhitaji karatasi. Ilisemwa kwamba mzee alimfungia mkewe chumbani, kwamba zile sanamu za udongo zilikuwa za watu anaowafuga, kwamba duara ile haikuwa reli. Geofrey alihama siku ya pili ya matanga. Mwanasha aliendelea kumuuzia, lakini aliweka bidhaa juu ya kaunta na kurudi nyuma hatua moja. Hakumtania tena.

Baada ya arobaini Ludovick alikwenda kitubio, akasema yote. Padre alimwondolea dhambi, kisha akamwambia iko nyingine isiyoondolewa pale, aende kwa aliyeumizwa. Akaenda Chibwelo.

Priska, mjane wa Meshack, alikuwa akipepeta uwele mbele ya nyumba yake ya tembe. Alikuwa amezeeka, jicho moja lina mtoto. Ludovick alisimama mbele yake, akavua kofia, akayasema. Kwamba mumewe hakufika. Kwamba hakusema daraja ni zima. Kwamba alikufa akikimbia kuwaokoa watu, na yeye, Ludovick, ndiye aliyeandikisha uongo.

Priska aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha.

"Nilijua," alisema. "Meshack hakuwahi kusema uongo hata kwa ng'ombe. Miaka kumi na minane nimekaa najua." Akamtazama kwa lile jicho zima. "Mkeo alijua?"

"Hapana."

"Alikufa hajui?"

"Alikufa hajui."

"Basi mimi unaniambia ya nini? Wa kuambiwa alikuwa yeye."

Akainuka, akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliufunga tu.

Mchanga Ludovick aliurudisha korongoni, gunia kwa gunia, akaumwaga kwa mikono yake. Meza aliivunja akaichoma. Mvua zilikuwa zimeanza. Alipomaliza, aliandika barua ndefu kwa wakubwa wa reli kueleza ukweli, na mpaka leo haijajibiwa. Pengine hayupo anayekumbuka kesi hiyo.

Sasa anaishi peke yake. Kila siku saa kumi na mbili kasoro dakika chache jioni anatoa kiti, anakaa varandani akitazama lango. Anasubiri. Angekuwa tayari kusubiri dakika tano, au usiku kucha. Dakika ya kumi inafika, inapita. Vumbi linapita. Au mvua inapita. Hakuna anayebisha. Hakuna anayesema korongo limejaa, wala kwamba limeshuka. Mlinzi amemaliza kazi yake, au amechoka naye, Ludovick hajui. Hajui pia kama Restuta alimkuta Anna kweli, au ni maji tu yaliyojifunza kuita kwa sauti ya mtoto. Hilo ndilo linalomkosesha usingizi, na hana wa kumwuliza.

Giza likiingia anapiga magoti pale pale sakafuni, anatoa rozari, na anasali kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma orodha ya abiria:

Ee Bwana Mungu wangu, mwenye njia zote mkononi mwako. Mpokee Anna, aliyelala mchangani bila jeneza wala msalaba. Mpokee Meshack, mtumishi mwaminifu, umrudishie jina lake mbele ya malaika wako, maana mimi nililichukua mbele ya watu. Wapokee wote waliosafiri jioni ile wakiniamini. Mpokee Restuta, mke wangu, na ukweli nilioshindwa kumwambia, Bwana, umwambie Wewe, kwa upole. Usiwahesabie makosa. Uwafute tope usoni, uwape mahali pakavu, penye mwanga, wapumzike. Nami usinihurumie kabla yao. Amina.